Mwaka Tulipombeba Mtu Tusiyemjua

Jumamosi iliyopita tulimzika baba yake Kioko. Ilikuwa mara ya pili.

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu, kundi la timu, ambalo siku nyingi huwa ni la heri za kuzaliwa na utani kuhusu matumbo yetu. "Wazee, baba ametuacha. Naomba mje tumbebe." Kioko aliandika hivyo tu. Hakuandika "tena", na hakuna aliyethubutu kuliandika neno hilo. Tulikwenda Ukambani kwa gari la kukodi, wanaume wenye mvi na magoti yanayolia, tukajipanga kwa urefu kama zamani, tukamtoa nyumbani hadi kwenye shimo. Kabla ya kufunga sanduku, Odhis, kepteni wetu wa siku hizo, alimwendea Kioko na kumnong'oneza jambo. Kioko akaitikia kwa kichwa. Ndipo tukapita mmoja mmoja kumwangalia marehemu usoni, polepole kuliko adabu inavyoruhusu. Tulipokuwa tukirudi Nairobi, binti yangu aliyekuwa akiendesha aliniuliza, "Baba, mbona mlikuwa mnamkagua yule mzee kama askari wa mpakani?" Nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza kicheko. Nilikuwa sijawahi kumsimulia. Mambo mengine mtu huyabeba miaka mingi kwa sababu hajui aanzie wapi, na mshtuko wake haupungui. Umri unaupa tu mahali pa kukaa.

Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha ufundi huku Eastlands, na timu yetu ya mpira wa vikapu ya wanaume haikuwa na jina lolote kubwa. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji yenye nyufa, chuma cha kikapu kimoja kimeinama kidogo upande wa kushoto, na sisi wenyeji tulijua kukionea huruma. Kocha alikuwa mwalimu wa umekanika aliyetuita "vijana wangu wa gereji". Kioko ndiye aliyekuwa senta, mrefu kutushinda wote na mpole kutushinda wote, mtu wa kuomba radhi kwa adui aliyemkanyaga. Kwao kulikuwa Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za kaunsili, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Jumamosi baada ya mazoezi tulijazana humo, wengine kitandani, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa, na Mama Kioko alitupakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye sinia moja kubwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akihesabu kwa macho nani hajala. "Simiyu," alizoea kuniambia, "nyinyi Wabukusu mnasema mnakula ugali tu. Mbona sinia inaisha upande wako?"

Baba yake Kioko, Mzee Musyoka, alikuwa dereva wa lori la masafa, Mombasa, Malaba, wakati mwingine hata Kampala. Wiki nyingi hakuwapo. Lakini alipokuwapo hakukosa mechi. Alikuwa na neno lake moja ambalo timu pinzani walilichukia. Kila Kioko aliposimama kupiga mtupo huru, uwanja ukanyamaza, mzee alipaza sauti: "Magoti, Kioko! Magoti!" Aliamini mpira hutupwa kwa magoti, si kwa mikono. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuucheza. Tulimpenda kwa hilo. Tulipomkuta chumbani alitusimulia habari za barabarani huku soksi zake zikikauka juu ya redio, na mkewe akijifanya hasikilizi.

Msimu ulipokuwa bado mchanga, tumeshinda mechi zetu za mwanzo na kuanza kujiona watu, Kocha alikuja mazoezini akasimama kando, mikono mfukoni. Alimwita Kioko. Sisi tuliendelea kurusha mpira, kisha tukaacha, kwa sababu Kioko alikuwa amechuchumaa chini kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Lori la baba yake lilikuwa limepinduka kwenye mteremko, barabara ya Mombasa, na kuwaka moto. Ndani mlipatikana mwili mmoja, usiotambulika. Kaka wa marehemu, Mzee Kimeu, ndiye aliyekwenda kuutambua. Alirudi na kifungo cha mkanda na funguo za nyumba ya Shauri Moyo, nyeusi kwa masizi. Alijaribu ufunguo mmoja mlangoni mbele ya watu wote. Mlango ukafunguka. Mama Kioko alipouona ule mlango ukifunguka ndipo alipolia.

Mzee alikuwa na utingo wake, msaidizi wa lori, mtu mzima aitwaye Barasa, wa kwetu magharibi. Huyo hakuonekana. Katika matanga hakukuwa na swali gumu juu yake. Jibu lilikuwa limepatikana kabla ya swali: ametoroka. Wengine walisema ndiye aliyefunga mzigo vibaya, ndiyo maana lori likalala. Wengine walisema aliruka akamwacha mwenzake aungue. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, nikimenya viazi pamoja na Odhis kwa sababu wanawake walikuwa wameelemewa, niliposikia sauti nisiyoijua. Mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani alikuwa amesimama kando ya mfereji wa maji, hajasogea karibu.

"Namwomba Mama Kioko," alisema. "Mimi ni mke wa Barasa, natoka Kariobangi. Mume wangu hajarudi nyumbani. Nimekuja kuuliza tu kama kuna aliyemwona."

Shangazi mmoja aliinuka. "Una macho ya kuja hapa? Mume wako amemuua ndugu yetu, akakimbia, na wewe unakuja kutuuliza yuko wapi?"

"Mama, Barasa si mtu wa kukimbia."

"Toka!"

Mama Kioko alitokeza mlangoni. Alimtazama yule mwanamke. "Nenda, dada," akasema, bila kelele. "Ukimpata, mwambie nimebaki mjane." Mwanamke alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau njia, kisha akageuka akaenda zake.

Mazishini sisi wa timu ndio tuliobeba. Familia iliomba hivyo, kwa sababu mzee alitupenda na kwa sababu tulikuwa warefu. Tulivaa jaketi zetu za chuo, bluu, na tukaimba kutoka barabarani hadi shambani. Sanduku lilipokuwa likishushwa, sisi tumeshika kamba, Mzee Kimeu alivua kofia akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka mgongo unaingia baridi. "Musyoka, lala salama. Lakini huyo Barasa, popote alipo leo, ardhi imkatae!" Watu wakaitikia, "Amina!" Kamba ziliteleza kidogo mikononi mwetu. Tukashusha.

Baada ya hapo Kioko alicheza kama mtu mwingine. Aliacha kuomba radhi. Aliruka na watu wakaanguka pembeni yake, na yeye hakuwaangalia. Tulishona utepe mweusi begani na tukaanza kushinda kwa namna ya kutisha, timu ambazo zamani zilituchezea zikibaki zinatutumbulia macho. Jumamosi tuliendelea kwenda Shauri Moyo. Picha ya mzee ilitundikwa ukutani na shada dogo la maua ya plastiki. Mama Kioko alipika kama kawaida ila hakusimama tena mlangoni kuhesabu. Aliketi, akatuachia mwiko. Mara moja Odhis alimwambia, "Mathe, tutaleta kombe hapa, tuliweke chini ya picha ya mzee." Akasema, "Leteni miguu yenu mizima. Hiyo inatosha."

Nusu fainali ilipangwa tucheze uwanja wa umma karibu na mtaa wa Mowlem, kwa kuwa uwanja wa kawaida ulikuwa umejaa maji ya mvua. Alasiri hiyo watu walifurika, wakazi wa mtaa, wachuuzi wa njugu, watu juu ya ukuta. Mechi ilikuwa ngumu. Karibu na mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja tu, na Kioko akachezewa vibaya chini ya kikapu. Mitupo miwili. Wa kwanza ukaingia. Tukawa sare. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari, tayari kugombea mpira ukirudi, nikiwa nimeelekea jukwaa la mbao. Uwanja ulinyamaza. Kioko alidunda mpira, akapinda magoti.

"Magoti, Kioko! Magoti!"

Nilimwona kabla Kioko hajageuka. Alikuwa amekonda, ameota ndevu, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi nyusi. Mkono wake ulikuwa bado hewani, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye mdomo umemponyoka. Mwanamke kando yake, mwenye mtoto mapajani, alimvuta shati. "Baba Mwende," alimwuliza, "unamwita nani?" Sauti yake ilisikika vizuri, maana hakuna aliyekuwa akisema neno. Katika nyumba ya Shauri Moyo hapakuwa na mtoto aitwaye Mwende.

Mpira ulimtoka Kioko mikononi ukabingirika hadi kwenye viatu vya refa. Aliuvuka mstari akatembea kwenda jukwaani. Watu walimpisha, wengine wakicheka wakidhani ni mzozo wa mashabiki. Alipofika alisimama mbele ya yule mtu, akanyoosha mkono, akamvua kofia. Kisha akampapasa uso, paji, pua, ndevu, kama kipofu.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Kioko."

"Wewe nani?"

"Baba yako."

Nilitegemea kofi, au yowe. Kioko aliketi chini kwenye ngazi ya jukwaa, miguu yake mirefu imekunjwa. Refa alitufuata akitaka kujua kama tunaendelea. Odhis alimgeukia, uso umemkauka. "Refa," akasema, "huyo mzee tulimzika." Refa alitazama jukwaani, akatutazama sisi, na kipenga kikamwanguka mdomoni.

Watu wakiniuliza msimu ule tuliishia nafasi ya ngapi, nasema sijui, na si utani. Najua tulipoteza mechi ile. Kocha alituambia mimi na Odhis tuondoke na Kioko na baba yake, tuhakikishe wote wawili wanafika Shauri Moyo. Waliobaki walimaliza dakika zilizosalia wakigeuza shingo kuangalia tulikoelekea. Nilitembea nyuma ya Mzee Musyoka na sikuweza kuacha kuangalia visigino vyake. Nilikuwa nikisubiri, kijinga kabisa, nione kama vinagusa ardhi.

Mama Kioko alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliinua kichwa kumtazama Kioko, akaona uso wake, kisha akaona nani yuko nyuma yake. Ungo ulibaki mapajani. Mkono wake ulibaki ndani ya maharagwe. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni, na mama mmoja alipiga kelele ya Yesu akakimbia. Mzee alianza kusema mwenyewe, haraka, bila kuulizwa. Siku ile ya safari hakwenda. Alikuwa na nyumba nyingine Mowlem, na mtoto wa huko alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alimpa Barasa lori, ingawa huyo hakuwa na leseni, wakutane Voi. Aliacha jaketi lake, mkanda na funguo kwenye kiti cha lori. Aliposikia lori limeungua aliogopa kufungwa. Alikuja hadi kwenye ukuta wa mtaa siku ya kwanza ya matanga akaona moto na watu, akashindwa kuvuka barabara. "Nikasema nitakuja kesho," alisema. "Kesho yake nikasikia mwili umetambuliwa kuwa ni wangu. Nikasema nitakuja baada ya mazishi. Sasa baada ya mazishi mtu anakuja vipi? Anabisha mlango anasema nini?"

Nilikuwa nikimwangalia mkewe. Nilifikiri atauliza juu ya mwanamke wa Mowlem. Mtu yeyote angeuliza hilo kwanza.

"Ndani ya lori alikuwa nani?" akauliza.

"Barasa."

"Barasa na nani?"

"Barasa peke yake."

Aliuweka ungo chini kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. Alisimama, akachukua leso kwenye msumari, akajifunga, akaifungua, akajifunga tena. "Kioko," akasema, "twende Kariobangi."

"Mama, kaa kwanza. Baba..."

"Huyu anapumua. Twende Kariobangi."

Wakatoka, umati ukawapisha, na mimi na Odhis tukaachwa chumbani na Mzee Musyoka. Ile ndiyo saa niliyoiogopa kuliko zote maishani, na nimezika watu wangu tangu hapo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Akaiona picha yake ukutani na yale maua. Akaisogelea. "Walisema nini juu yangu?" akauliza bila kugeuka. Odhis alinitazama mimi, mimi nikatazama sakafu. "Walisema ulikuwa mtu mzuri, mzee," Odhis akajibu hatimaye. Mzee aliketi kitandani, akaweka uso katika viganja, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio nilichokijua. Hatukumgusa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na sikujua mtu hugusa vipi aliyekufa akarudi, na ambaye ungependa kidogo asingerudi.

Ya Kariobangi Kioko alinisimulia baadaye. Walimkuta mke wa Barasa akikaanga mandazi nje ya chumba chake cha kupanga, mafuta yanachemka. Alipomwona Mama Kioko alirudi nyuma na kijiko kikubwa mkononi. "Nilishawaambia sijui aliko!" alisema. "Mimi pia namtafuta. Niacheni." Mama Kioko alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la mlangoni, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti, hata mchungaji. "Mimi ndiye ninayejua aliko," akasema. Kioko aliniambia kwamba yule mwanamke hakupiga kelele. Aligeuka kwanza akazima jiko.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa miguu ya serikali, polepole. Kesho yake Mzee Musyoka alijipeleka polisi, mkewe akiwa hatua moja nyuma yake njia nzima hadi alipoingia. Alifungwa, akatoka, akaishi Mowlem. Mama Kioko hakumrudisha nyumbani kwake, ingawa Jumamosi iliyopita alikaa mstari wa mbele, mzee sana sasa, na hakumwaga chozi wala hakuondoka hadi kaburi lilipofukiwa. Kioko na baba yake walichukua miaka kuzungumza, na walipozungumza ilikuwa juu ya mpira tu. Kibali cha kufukua kilipopatikana, Barasa alitolewa Ukambani kusafirishwa kwao, Bungoma. Kioko alikuja chuoni akasimama mbele yetu. Hakutuomba. Alisema tu gari linaondoka asubuhi. Tulikwenda wote, na Kocha pia.

Kule hawakutujua. Walituona tukishuka, vijana warefu wa jaketi za bluu, tukilichukua sanduku kabla mtu hajatuelekeza. Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa lugha ya pale, nikawasikia wazee wakiulizana hawa ni nani, ni wa kazini kwake, ni wa kanisa gani. Mjane wa Barasa aliinuka kwenye kiti chake. Alikuja hadi mbele ya Kioko.

"Wewe nakujua. Na hawa ni nani wake?" akauliza kwa Kiswahili.

Kioko akajibu, "Sisi ndio tuliombeba, mama. Ile mara ya kwanza."

"Mlimwimbia?"

"Tuliimba. Njia nzima."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilidhani imeishia hapo, na moyo wangu ukaanza kutua. Kisha akauliza, "Na kaburini walisema nini juu yake?"

Kioko alitugeukia. Nasi wote tuliokuwa tumeshika zile kamba tulitazama chini. Mama Kioko ndiye aliyesogea kutoka nyuma ya watu. "Walimlaani, dada," akasema. "Jina lake lilitajwa, naye yuko pale mbele yetu, wakasema ardhi imkatae. Na mimi nikasema Amina."

Mzee mmoja wa ukoo aliguna. Nilifasiri kwa walio karibu bila kuombwa, kwa sauti isiyokuwa yangu. Mjane alimtazama Mama Kioko. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Basi leo sema jingine," akamwambia.

Mama Kioko alisogea hadi ukingo wa kaburi. Alisimama pale, akashika ncha za leso yake. "Siwezi," akasema. "Sikumjua. Niambie wewe. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mjane akaja akasimama kando yake. Alisema kwa sauti ya chini, Mama Kioko akirudia kila sentensi kwa sauti tuliyoisikia wote: kwamba alipenda uji wa moto kupita kiasi, ukimchoma ulimi anacheka. Kwamba alimwogopa paka. Kwamba aliporudi kutoka safarini hakugonga mlango, alikohoa tu, naye mkewe akajua. Tulisimama juani, udongo ukikauka kwenye majembe, na hakuna aliyewahimiza.